Swali Litoke Uwanjani: Kuomba na Kujiandikisha katika Masomo ya Masta

Tumeombwa tuseme juu ya namna ya kuomba nafasi katika masomo yanayofuata lisansi, yaani masta. Asubuhi baadhi yenu mliuliza mbona semina ya upatanishi inatoa saa nzima kwa habari ya vyuo vikuu. Jibu letu ni hili. Kila mwaka tunasoma matangazo ya kazi ya mashirika makubwa yanayoshughulikia amani huku Kivu na Ituri, na kwa cheo cha mkuu wa mradi au cha mchambuzi wa migogoro mara nyingi wanataka masta. Mtu aliyetembea kwa miguu miaka kumi kutoka kilima hadi kilima, anayejua ni mzee gani hasemezani na nani na kwa sababu ya shamba lipi, anabaki kuwa msaidizi na mkalimani wa mwingine aliyefika mwezi uliopita. Kisha ripoti inaandikwa, tunaisoma tukikuna kichwa, tunaulizana kama kijiji kinachosemwa humo ni kile tunachokijua.

Hatusemi kila mtu aende masta. Tunao wenzetu waliofika sekondari tu ambao, wakiketi katika baraza, hata profesa angenyamaza awasikilize. Masomo hayamfanyi mtu kuwa mpatanishi. Lakini yanamfungulia mlango wa chumba ambamo miradi inapangwa na bajeti inakatwa, na kwa maoni yetu ni hasara kubwa kwa vijiji vyetu kwamba chumbani humo hamna anayevijua. Sisi tunaosema mbele yenu tumesaidiana kwa miaka kadhaa kutayarisha faili za wenzetu. Wengine walipata nafasi, wengine walikosa mara mbili wakapata mara ya tatu, na wengine waliacha. Tutawaeleza tuliyoyaona.

Watu wengi huanza kwa kuuliza: chuo gani, nchi gani, bursa gani? Sisi tunaomba uanze mahali pengine. Jiulize ni jambo gani la uwanjani limekushinda kuelewa.

Tuchukue mfano wa mashamba, maana nusu ya kazi yetu ni mashamba. Familia mbili za Masisi au za Kalehe zinapatana mbele ya baraza, mbuzi anachinjwa, pombe inanywewa, karatasi inatiwa sahihi na mashahidi. Misimu miwili ikipita anatokea mtu wa tatu na hati aliyoipata mjini, na mapatano yote yanaanguka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, na juu ya mashamba ya kimila ikasema yatapangwa na ordonansi ya Rais. Miongo ikapita bila ordonansi hiyo. Mwami akaendelea kugawa kwa desturi, na ofisi ya mjini ikaendelea kutoa hati, kila mmoja kana kwamba mwenzake hayupo. Sasa, wewe uliyesimamia mapatano ishirini ya namna hiyo unajua kwamba mengine yalidumu na mengine yakavunjika. Kwa nini yale yalidumu? Ni mashahidi? Ni kwa sababu karatasi ilipelekwa mapema kwa chifu wa grupema na kwa ofisi ya ardhi? Ni kwa sababu wanawake walikuwepo? Hilo ni swali la masta. Profesa aliye mbali akilisoma anajua mara moja kwamba aliyeandika ameona kitu kwa macho yake. Linganisha na ile sentensi tunayoikuta katika faili karibu zote: «Ninataka kusoma mambo ya amani ili nilete amani katika nchi yangu iliyoharibiwa na vita.» Nia ni njema, lakini haimtofautishi mwandishi na wengine mia mbili wa mwaka ule.

Ukisha kuwa na swali, kuchagua chuo kunakuwa rahisi zaidi, kwa sababu unatafuta mahali ambapo kuna mwalimu anayeshughulika na jambo hilo. Soma kazi zake mbili tatu. Ukiweza, mwandikie barua fupi yenye adabu na umwambie swali lako kwa mistari kumi. Wengine hawajibu. Anayejibu anaweza kukuambia kwamba chuo chake hakikufai, na hilo pia ni faida, maana umeokoa ada ya maombi.

Sasa tunafika kwenye barua ya motisha, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo panapotuuma.

Barua nyingi tulizosoma zinafunguka kwa damu. Kwanza hesabu ya waliokufa, bila kusema imetoka wapi. Kisha lile neno lililosemwa na afisa mmoja wa Umoja wa Mataifa mwaka 2010, la kuiita nchi yetu makao makuu ya ubakaji duniani. Kisha inakuja habari ya mama mmoja: jina lake la kwanza, kijiji chake, umri wake, alichotendewa, na watu wangapi, na watoto gani walikuwa wanaangalia. Halafu, baada ya mistari hiyo, mwandishi anasema, «Ndiyo maana ninaomba nafasi katika chuo chenu.»

Wandugu, mama yule alimweleza animata habari ile kwa sababu alitaka kufikishwa hospitalini, au alitaka watoto wake warudi shule. Karatasi ya idhini aliyotia kidole ilitaja huduma, haikutaja masomo ya mtu. Habari ile si mali yetu. Na tusifikiri kwamba Ulaya ni mbali. Barua hizi zinasafiri: mtu anamtumia rafiki yake kama mfano, rafiki anamtumia mwingine. Sisi tumewahi kupokea barua iliyosifiwa kuwa mfano mzuri, na tulipoisoma tukamtambua mama tunayemfahamu, na mume wake ambaye mpaka siku ile hakuwa ameambiwa. Katika kazi yetu kosa kama hilo linaweza kuvunja nyumba, au linaweza kumrudisha mtu mikononi mwa waliomtendea.

Kuna wanaosema, «Lakini wazungu wanapenda kusoma mambo hayo.» Kwa faili tulizoona, hapana. Anayechagua wanafunzi anatafuta ishara kwamba mtu atamaliza masomo: kwamba anaweza kufikiri kwa utaratibu, kuandika, kupokea masahihisho. Mateso ya mtu mwingine hayamwonyeshi lolote katika hayo. Tena amekwisha kusoma barua nyingi za namna hiyo kutoka Sudan, kutoka Siria, kutoka kwetu. Hata hesabu zenyewe ziangalie vizuri. Shirika la International Rescue Committee lilitoa utafiti Januari 2008 uliokadiria vifo milioni 5.4 vilivyoletwa na vita na matokeo yake kati ya 1998 na 2007, na wataalamu wengine wakabishana na hesabu hiyo. Ukiiandika, sema ni makadirio ya nani na ya miaka gani. Anayekusoma huenda alikuwa mmoja wa waliobishana.

Basi uandike nini? Andika kazi uliyoifanya kwa mikono yako. «Kati ya 2019 na 2023 tulisimamia kamati sita za mashamba. Nilikuwa na kazi ya kusikiliza pande mbili kabla ya baraza na kuandika mapatano. Tuliona kwamba mapatano yaliyofuatiliwa mara tatu katika mwaka wa kwanza yalidumu kuliko mengine, lakini hatukuweza kueleza sababu.» Maneno haya hayana machozi, yana uzito. Kama wewe mwenyewe ulikimbia vita, ulilala kambini, ulipoteza watu wako, habari hiyo ni yako na una haki ya kuisema kwa kiasi unachotaka wewe. Au usiiseme kabisa. Hakuna chuo chenye haki ya kukudai uonyeshe kidonda chako ndipo upokelewe.

Tuje kwenye makaratasi. Hapa ndipo wengi wetu wanapotea, na si kwa uvivu.

La kwanza ni jina la diploma yetu. Wengi wenu mlisoma mfumo wa zamani: miaka mitatu ya grajua, miwili ya lisansi, jumla mitano. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilileta mfumo wa LMD, na vyuo vya nchi nzima viliuanza mwaka wa masomo 2021-2022. Katika mfumo huo lisansi ni ya miaka mitatu, na masta ni miwili juu yake. Kwa hiyo neno moja, lisansi, sasa lina maana mbili, na afisa wa chuo cha nje akiliona katika faili yako anaweza kufikiri ulisoma miaka mitatu tu. Usimwachie abahatishe. Andika wazi kwamba ulimaliza L2, miaka mitano baada ya diploma ya Serikali, na ambatanisha karatasi za pointi za miaka yote mitano. Aliyemaliza G3 peke yake ajue kwamba vyuo vingi vitamwambia aongeze masomo kwanza. Aulize kabla ya kulipa chochote.

La pili ni pointi zenyewe. Kwetu distinksioni inaanza kwenye 70 kwa 100, na wote mnajua ni wangapi katika darasa wanaifikia. Mtu mwenye 66 anaweza kuwa wa nne katika promosheni nzima. Uingereza 70 ni daraja la kwanza, lakini Marekani ni alama ya chini, na anayesoma faili yako huko anaweza kukuweka pembeni bila kufikiri mara mbili. Nenda kwa aparitora ukaombe karatasi inayoeleza ngazi za pointi za chuo chako na nafasi uliyoshika katika promosheni. Kama hawana fomu ya namna hiyo, omba dekano akuandikie mistari mitano yenye mhuri. Karatasi hiyo imesaidia wenzetu kuliko barua nyingine yoyote.

La tatu ni majina. Tangu Mobutu alipokataza majina ya kizungu mwaka 1972 sisi tuna jina, tuna posnomu, na wengi tena tuna jina la ubatizo lililorudi baadaye. Katika diploma ya Serikali yamepangwa hivi, katika kadi ya mpiga kura yamepangwa vile, katika pasipoti herufi moja imebadilika. Kwetu hakuna anayejali. Kwa afisa wa chuo cha nje hawa ni watu watatu. Weka makaratasi yako yote mezani leo jioni na uyasome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ikiwepo, ianze kurekebishwa sasa, maana njia ya mahakama ina miezi yake na gharama zake. Katika fomu jaza majina kama yalivyo katika pasipoti, usijaribu kuyapendezesha.

Na diploma yenyewe. Wengi tuna atestasioni tu, kwa sababu diploma ilipelekwa Kinshasa kuthibitishwa na Wizara ya Elimu ya Juu na haijarudi. Kwa maombi, atestasioni na karatasi za pointi zinakubaliwa mara nyingi. Kwa kujiandikisha ni habari nyingine, tutaisema mbele.

Juu ya barua za ushuhuda tutakuwa wafupi. Vyuo huomba mbili au tatu, na angalau moja ya mwalimu aliyekufundisha. Waalimu wetu wanazunguka vyuo vitano kwa mwezi ili waishi, basi usimwendee na mikono mitupu: mpe ukurasa mmoja wenye kazi uliyoandika kwake, mwaka, pointi, swali lako jipya na tarehe ya mwisho. Lakini kuna jambo la kusemwa katika chumba hiki hasa. Tumeona ofisini kwetu na kwa majirani zetu kwamba barua ya mkuu wa ofisi inapita haraka kwa mtoto wa kwao, na kwa mwingine inachelewa mpaka tarehe inapita. Tunakaa katika vijiji tukifundisha watu wasiangalie kabila, kisha tunafanya hili kimyakimya na kalamu. Mashirika yaliyoko hapa yanaweza kuandika kanuni rahisi: yeyote aliyetumikia miaka miwili na kuomba barua anaipata katika majuma mawili, na kitabu kinawekwa cha kuandika nani aliomba na lini alipewa.

Watu wanachanganya nafasi na pesa. Barua ya kukubaliwa haina pesa ndani yake. Ni milango miwili, na mara nyingi kila mmoja una fomu yake na tarehe yake. Chevening, bursa ya Serikali ya Uingereza, hufunguliwa kwa kawaida Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Inataka saa 2,800 za kazi, kama miaka miwili, na unaahidi kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Nafasi ya chuo unaiomba pembeni, wewe mwenyewe. Bursa za Commonwealth zisikupotezee muda, sababu nchi yetu si mwanachama. Wale wanaotaka kusoma kwa Kifaransa waangalie bursa za ARES za Ubelgiji. Chuo Kikuu cha Amani kilichoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1980 kiko Costa Rica, na watu wanakipenda kwa jina lake. Jina ni zuri, lakini uliza kwanza nani atalipa.

Kwa watu wa uwanjani tungependa mwangalie zaidi Makerere, Kampala. Tangu 2021 Rotary ina kituo chake cha amani hapo. Masomo yake si masta, ni diploma ya baada ya shahada ya kwanza, ya mwaka mmoja, kwa Kiingereza, na sehemu kubwa unaifanya ukiwa kazini kwako na mradi wako mwenyewe. Wanataka uzoefu wa miaka mitano katika kazi ya amani au maendeleo, na sisi tunao. Maombi hufungwa kwa kawaida katikati ya Mei. Mbali na Rotary, anayeomba masta ya kawaida Uganda ajue kwamba diploma ya nje hupelekwa kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la kule ili lipime kama inalingana na yao, na makaratasi ya Kifaransa yafasiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayetambuliwa. Nchi yetu iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Basi uliza kwa maandishi kama chuo kitakuhesabu kama mwanajumuiya au kama mgeni, maana tofauti ya minervali inaweza kuwa kubwa.

Kiingereza kinawatisha wengi. Mitihani ya TOEFL na IELTS inadumu miaka miwili tu, basi usiifanye mapema mno kwa haraka ya kuonyesha watu cheti. Vituo viko Kampala, Kigali na Nairobi. Vyuo kadhaa vinakubali mtihani wa Duolingo unaofanywa nyumbani kwa kompyuta, lakini mtihani huo haumsubiri SNEL. Mwenzetu mmoja alilipa jenereta ya parokia kwa saa tatu na kununua mega za kutosha za mitandao miwili, na alifaulu. Hizo ni gharama za kuweka katika hesabu.

Hesabu zenyewe zimekuwa ngumu. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari. Mabenki ya miji hiyo yalifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Bunagana, njia yetu ya zamani ya kwenda Kampala, ilikuwa imekwisha kuanguka Juni 2022. Wenzetu waliokuwa na tarehe za kulipa ada walilazimika kuvuka mpaka au kumwomba ndugu aliye nje alipe kwa niaba yao. Ukikutana na kizuizi cha namna hii, iandikie ofisi ya chuo kabla ya tarehe ya mwisho, kwa mistari mitano, bila hotuba: benki imefungwa tangu tarehe hii, naomba majuma matatu, au naomba kusamehewa ada. Tumeona wakikubali. Baada ya tarehe kupita hatujaona mara nyingi. Pasipoti nayo isingoje barua ya kukubaliwa. Aliye nayo aangalie itaisha lini, aliye bila aanze kuitafuta akiwa bado anaandika maombi.

Na wakomisionere! Anayekuambia kwamba ana bursa ya Kanada na anataka dola mia mbili za kufungua faili, mwache aende zake. Bursa za kweli tulizozitaja hazikudai pesa ili uombe.

Tuseme na akina mama. Katika faili tulizosaidia, dada zetu ni wachache, na sababu tunayoisikia si pointi. Ni watoto, ni mkwe, ni maneno ya kanisani kwamba mke aliyeenda kusoma peke yake hatarudi. Kuna hata ofisi zilizodai barua ya idhini ya mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Jamaa iliondoa idhini hiyo. Chapisha nakala uitembee nayo. Lakini sheria haileti uji kwa watoto saa kumi na mbili asubuhi. Dada aliyefaulu kati yetu aliketi na mume, na mama mkwe, na dada yake mdogo, wakaandika nani anafanya nini kwa miezi kumi na miwili, hata nani anapokea mshahara wa nusu uliobaki. Ilikuwa upatanishi kamili, wa siku tatu. Sisi wanaume tulio hapa tujiulize kama tungekubali kukaa katika upande wa pili wa mazungumzo hayo.

Sasa umekubaliwa. Isome barua mpaka mwisho kabla ya kuimba. Kuna kukubaliwa moja kwa moja, na kuna kukubaliwa kwa sharti: ulete cheti cha Kiingereza, au diploma yenyewe, kabla ya tarehe fulani. Kuna tarehe ya kujibu kwamba unakuja. Ikipita, kiti kinapewa mwingine. Vyuo vingine vinataka sehemu ya minervali kabla ya kutoa barua ya viza. Kama bursa haijajibu bado, omba kuahirisha mwaka mmoja. Vyuo vingi vinaruhusu, lakini kwa anayeomba kwa maandishi.

Maombi yanapita kwa nakala za skana, lakini siku ya kujiandikisha wanataka karatasi zenyewe. Mwenzetu mmoja alifika katika chuo kimoja cha nchi jirani na atestasioni, akaambiwa alete diploma, akakaa miezi miwili akisoma bila kadi ya mwanafunzi, bila maktaba, na jina lake halimo katika orodha ya mitihani. Alinusurika kwa sababu rafiki yake Kinshasa alienda Wizarani kila Jumatatu mpaka diploma ikapatikana. Basi mara tu ukisha kutuma maombi, usisubiri jibu: anza kuifuata diploma siku hiyo hiyo. Beba pia cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, picha nyingi kuliko unazofikiri, na nakala zilizofungwa mahali pengine, siyo katika mfuko ule ule. Ukifika, nenda kwanza kwenye ofisi ya wanafunzi wa nje uulize juu ya kibali cha kukaa, kwa sababu viza ya kuingia na kibali cha mwanafunzi ni vitu viwili.

Na kijiji unachokiacha? Mtu akiondoka bila kuaga, kamati aliyoisimamia inasema shirika limetukimbia, na upande mmoja unaanza kusema alihongwa na upande mwingine. Tumeona mapatano mawili yakilegea kwa sababu hiyo tu. Panga miezi mitatu ya kukabidhi. Mpeleke atakayekushika mahali pako kwa kila mzee, ukae naye, useme mbele yao unaenda wapi, kwa muda gani, na nani analipa. Daftari zenye majina ya walioteswa zibaki katika kabati la ofisi. Haziendi chuoni, hata kwa ajili ya utafiti wako. Ukitaka kutafiti kijiji kile, utarudi uombe upya, na wana haki ya kukataa. Na ofisi, kwa upande wake, iandike kwa karatasi kama ni likizo bila mshahara au ni mwisho wa kazi. Ahadi za mdomo za kumrekebishia mtu nafasi yake akirudi hazijadumu kuliko mradi mmoja.

Saa imekwenda, na chai imekwisha kumiminwa. Baada ya chai jenereta itawaka mpaka saa kumi na moja, na skana iko katika chumba cha pili. Aliye na barua ya motisha ailete. Tutaisoma wawili wawili, na tunaomba wasomaji wa kila barua wawe mmoja wa jamii ya mwandishi na mmoja wa jamii nyingine, ili sentensi yoyote inayolaumu kabila zima, au inayomtaja mtu anayeweza kutambuliwa, ionekane leo kabla haijatumwa. Wale wa Fizi wanaosafiri kesho alfajiri watangulie.